Niliweka spika mpya kwa pikapu ya marehemu baba, nikafika ukweni na msafara wa kampeni

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimesoma nyuzi za wenzangu kwa muda mrefu bila kuchangia, leo nimeona nilete yangu. Sitaongeza chumvi. Mama yangu alikuwepo na ni shahidi, ingawa hadi leo ananijibu kwa mkato.

Mimi ni mkulima wa viazi kule Ruiri, Meru. Nina pikapu niliyoachiwa na baba. Imenizidi umri, tunaiita Mkongwe.

Mkongwe ina tabia zake. Starter ilikufa zamani, kwa hivyo inawashwa kwa kusukumwa au kwa kuachiliwa mteremkoni. Ukiizima mahali tambarare, tafuta wanaume wanne.

Redio yake ilikuwa na stesheni moja, nayo ilishika tu ukielekeza gari mlimani.

Sasa, kuna msichana anaitwa Wawira, kwao ni nje kidogo ya Runyenjes, Embu. Tumependana miaka mitatu. Kikwazo kilikuwa baba yake, Mzee Njeru, mkulima wa kahawa.

Mara ya kwanza kwenda kujitambulisha nilishikwa na woga, nikakaa kwa kochi kama gunia. Nilipotoka, mzee akamwambia bintiye, "Huyu kijana ni mpole sana. Sikujua kama ako ndani ama ametoka."

Akatupa nafasi moja tu. Nirudi na wazee wangu, tujieleze kama watu. Tukishindwa, Wawira asimletee tena hiyo hadithi.

Wakuu, nilikonda.

Nikaamua kwamba kama mimi siwezi kusikika, basi gari litasikika. Hiyo ni akili ya mtu aliyependa, msinihukumu.

Nikaenda kwa fundi mmoja Meru mjini, nyuma ya soko la Gakoromone, anaitwa Mwenda. Nilitaka redio ya kisasa ya skrini, spika za mlango na subwoofer ya kupiga besi.

Mwenda akachungulia ndani akacheka. Nyuma ya kiti hapatoshi hata kofia, na milango imeliwa na kutu hadi skrubu hazishiki.

"Boss, hapa spika zitakaa juu," akasema. "Niko na mbili hapa, zilikuwa za kanisa. Hizo ukiziwasha, hata wenye wamelala wanaokoka."

Zilikuwa zile za tarumbeta. Akazifunga juu ya kabini, moja ikitazama mbele, nyingine nyuma. Subwoofer ikapanda nyuma kwa mizigo, ndani ya sanduku la mbao.

Umeme wa Mkongwe ulikuwa hautoshi. Ukiweka indiketa, wimbo unakatika na kurudi kwa mapigo ya indiketa. Ukikanyaga breki, besi inalala. Lakini ikiwa barabara imenyooka, wakuu, ile kitu ilikuwa inaimba! Niliipenda. Mwenda akanipa na flash yenye nyimbo za kusifu, maana wale wakwe ni watu wa kanisa.

Siku ikafika. Mbele nilikaa na Mama. Nyuma walipanda wazee wawili wa ukoo, kondoo dume wa kupeleka, na Anko Mutwiri, ndugu ya baba, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu.

Anko ni mwalimu mstaafu. Anaamini kila mtu nchini alipitia darasa lake. Akavaa suti na kofia pana, akakataa kuketi. Akasimama ameshika chuma, akimpungia mkono kila mtu barabarani kutoka Ruiri.

Karibu na Chuka tuliruka tuta vibaya. Skrini ya redio ikaganda. Muziki ukabaki pale pale juu, na haupungui.

Nikachomoa flash. Redio ikaanza kukoroma kwa sauti ile ile. Mama akaniambia, "Rudisha Yesu, tafadhali." Nikarudisha.

Kuzima gari sikuthubutu, si mnajua habari ya wanaume wanne.

Halafu nikagundua jambo lingine. Katikati ya nyimbo kwenye ile flash kulikuwa na jamaa anayepaza sauti: "Mko wapi watu wangu? Inueni mikono! Mambo yanabadilika!"

Tukaingia Runyenjes siku ya soko.

Hebu piga picha. Pikapu inatembea polepole, tarumbeta juu, mzee wa suti nyuma anapunga mkono, na sauti inauliza watu wangu mko wapi. Nani hapa Kenya atafikiri hao wanaenda kuomba mke?

Boda boda mbili zikaingia mbele yetu zikipiga honi. Zikawa kumi. Wakavunja matawi wakafunga kwa pikipiki. Akina mama wakaacha nyanya zao wakaja mbio.

"Mheshimiwa, na sisi tuonekane!"

"Mheshimiwa, wacha kitu ya chai!"

Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Hatuna siasa! Tunaenda ukweni!" Hakuna aliyesikia. Nikaweka indiketa ya kuingia barabara ya vumbi, wimbo ukaanza kukatika, nao wakapiga makofi kwa mapigo hayo hayo.

Najua mtaniambia ningezima tu, maana watu wa kusukuma walikuwepo tele. Siku hiyo akili haikufika huko.

Kwa Mzee Njeru walikuwa wamepikia watu kumi. Akina mama wa pale walikuwa wamefunga lango watuimbie kidogo kabla ya kutufungulia, kama desturi ilivyo. Lango lilifunguliwa na boda boda. Tukaingia na soko zima.

Hapo ndipo nikazima gari, muziki ukakatika.

Mzee Njeru alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akihesabu vichwa. Nikajua ni saa yangu ya kusema. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Anko Mutwiri akavua kofia.

"Watu wa Runyenjes, hamjambo?"

"Hatujamboooo!"

"Nimeona barabara yenu. Nimeumia mgongo. Barabara hii, kutoka lami mpaka kwa hili lango, nitaitengeneza!"

Vigelegele. Mama akafunika uso kwa kitambaa. Kondoo akaruka akaingia kwa kahawa.

Nikamwona Wawira amesimama karibu na jikoni. Hakuwa anacheka. Alikuwa karibu kulia, na hiyo iliniuma kuliko aibu yote.

Sijui nilipandaje juu ya lile sanduku la subwoofer. Nikasema, bila spika:

"Jamani, huyu si mheshimiwa. Ni Anko wangu. Mwenye shida ni mimi. Nampenda Wawira, nimekuja kumwomba. Mara ya kwanza niliogopa, na hata sasa naogopa, lakini siondoki bila kusema."

Mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akauliza, "Sasa kijana, hayo yote ni sawa. Na barabara?"

Mzee Njeru akashusha mikono.

"Hata mimi ndio nauliza. Na barabara?"

Ndani ya nyumba, chapati ya watu kumi ikakatwa vipande vya kumegeana, mzee akasema yake. Mimi amenisikia, hana neno nami tena. Lakini msemaji wetu ametoa ahadi mbele ya kijiji, langoni kwake. "Msichana nimekubali. Lakini ataondoka hapa kwa hiyo barabara ya Mheshimiwa, ikishatengenezwa."

Anko alitaka kueleza kwamba ilikuwa ni hotuba tu. Mama akamkanyaga mguu.

Wakuu, nimebeba murram, ule udongo wa changarawe wa barabara, na Mkongwe Jumamosi nne. Skrini bado imeganda, kwa hivyo kila nikifika watu wanasikia kutoka mbali, wanakuja na majembe. Mzee Njeru mwenyewe alishika karai. Jumamosi ya mwisho Wawira alipanda mbele tukaipita barabara yote, na hakuna aliyerushwa.

Nilichojifunza: kama una neno la kumwambia mtu, lipeleke kwa mdomo wako. Na msemaji wa ukoo mkague mapema, kama mnavyokagua breki.

Sasa wazee wa kule wamekuja Ruiri wiki hii kumwomba Anko agombee kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi, kwao. Wanasema ndiye wa kwanza kuahidi barabara ikaonekana. Nikamkumbusha kwamba si kwao, na murram nilibeba mimi. Amesema anatafakari.

Mafundi mlio humu, hii skrini naifunguaje? Na mliowahi kufika ukweni na wageni msiowaalika, hebu semeni hapo chini nisijione peke yangu.

Jibuni haraka. Anko amepiga simu mara mbili leo, anauliza ufunguo wa Mkongwe.