Vita vya Sukuma Wiki

Kwanza ijulikane: aliyeanza vita ni ng'ombe. Alitoka kwa jirani yangu, akapenya ua, akala sukuma wiki yote niliyokuwa nimewatunzia wageni. Jumamosi wakwe walikuwa waje kutoka Nyeri kuleta mahari ya binti yangu.

Nikatoka na panga, maana nilikuwa nakata majani ya nepia. Jirani akaja na rungu, maana ng'ombe hafukuzwi kwa maombi. Mimi ni Mkikuyu, wazazi wangu walifungua duka hapa Sosiot zamani. Yeye ni Mkipsigis, na majani chai yake yanaanzia pale ua wangu unapoishia. Tukatukanana, kama tulivyozoea kwa utani tangu tuolewe. Jioni ananiletea maziwa, namrudishia kikopo na sukari kidogo ndani.

Siku hiyo mwanahabari alikuwa anapita akitoka Bomet, ambako mkutano wa mwanasiasa ulikuwa umeahirishwa. Maskini, angerudi mikono mitupu? Akatupiga picha. Nyuma yetu palikuwa na moshi: mume wangu alikuwa anachoma takataka.

Jioni tulitazama habari pamoja dukani kwangu, maziwa yakiwa mezani. "Taharuki yatanda," mtangazaji akasema kwa sauti ya matanga. Makabila mawili. Silaha. Moshi. Ng'ombe hakutajwa hata kidogo.

"Kumbe tunapigana!" jirani akasema, tukacheka hadi akashika mbavu.

Kicheko kiliisha simu ilipolia. Wakwe walisema hawawezi kuleta wazee mahali panapowaka. Binti yangu akalia, mimi nikawaka kweli. Mwanahabari alikuwa ameniachia namba yake, nikampigia nikimwomba arudi atuonyeshe tukinywa chai. Akanijibu kwa upole, "Mama, hiyo sasa si habari. Lakini hali ikichacha, nipigie mara moja." Ghai! Nilitamani nimpelekee yule ng'ombe ofisini.

Basi tukakutana Nakuru, kwenye ukumbi wa kukodi, kama viongozi wa nchi zilizotoka vitani. Jirani alikuja upande wetu. Angekosaje, na yeye ndiye aliyembeba binti huyo mgongoni nilipokuwa nikiuza dukani? Alikuwa na kitambaa kipya kichwani na sahani ya mukimo magotini. Shangazi wa bwana harusi akamwinamia, akamnong'oneza kwa huruma:

"Mnaishije huko? Na yule mwanamke wa rungu, alishikwa?"

"Ni mimi," jirani akajibu akitabasamu. "Nilikuwa nafukuza ng'ombe yangu."

Shangazi akacheka, akampiga begani. "Wacha mchezo, mama. Yule nilimwona na macho yangu. Alikuwa na sura ya kuua mtu."

Jirani yangu akaweka kijiko chini. Mukimo ulipoa pale magotini, hakuugusa tena, na njia nzima ya kurudi Sosiot hakunitukana hata mara moja.