Wiski ya Limau kwa Wakwe wa Ziwani

Chupa ilikaa juu ya kabati la vyombo tangu Mei, na kila nilipopita sebuleni niliitazama kama mtu anayetazama karatasi ya mtihani iliyofunikwa. Ililetwa na mshenga, mzee mpole aliyepanda kutoka Mbamba Bay na gari la asubuhi kuja kutuambia kwamba kuna kijana huko ziwani amempenda dada yangu. Baba aliipokea kwa mikono miwili.

"Tumesikia," alimwambia mshenga. "Ila hii hatutaifungua peke yetu. Waje wazee wenyewe, tuifungue pamoja."

Wazee wakaleta jibu kwamba watapanda Julai, na hapo ndipo dada aliponifuata nyuma ya nyumba, nilikokuwa nageuza kahawa kwenye kichanja. Alikuwa na hofu, na dada yangu si mtu wa hofu. Kwetu maneno ya posa hayaanzi mpaka mgeni amekunywa alichopewa. Akiacha kikombe chake kimejaa, kila mtu anaelewa kwamba kuna jambo halijakaa sawa, na mgeni anaondoka na maneno yake mfukoni. Mwenyeji naye hawezi kukaa mikono mitupu huku wageni wanakunywa. Na baba wiski haimpiti. Anasema inamkwangua koo.

"Wewe si ulijifunza Dar kutengeneza ile ya limau?" dada aliuliza. "Itengeneze vizuri, hata baba aweze kuinywa."

Nilimaliza chuo mwaka juzi. Nina shahada, kazi bado sina, na nina kipaji kimoja ambacho huwezi kukiandika kwenye barua ya maombi: naweza kuchukua jambo la dakika tano nikalihangaikia mwezi mzima. Kinywaji chenyewe nilifundishwa na rafiki niliyepanga naye chumba Dar, aliyekuwa akihudumu kaunta ya hoteli. Wiski, maji ya limau, sukari iliyochemshwa na maji ikawa kama asali nyepesi, na ute wa yai. Unatikisa mpaka mikono iume, unamimina, povu jeupe linapanda juu. Basi. Mtu mwingine angesema sawa, akaendelea kugeuza kahawa.

Mimi nilianza na malimau. Mti wetu uko karibu na jiko, malimau yake ni makubwa, yana ngozi ya mabaka na maji mengi. Je, si makali kuliko ya Dar? Nilikata moja, nikaonja, nikakata jingine. Mama aliponikuta na meno yameshika ganzi aliuliza kama nina mimba.

Yai ndilo lililoleta kesi.

"Wakwe wanaingia kwangu mara ya kwanza," mama alisema, "halafu niwape yai bichi?"

"Ni ute tu, mama. Unatoa povu."

"Povu hata sabuni inatoa."

Ilibidi nimwonyeshe. Lakini chupa haikuruhusiwa kufunguliwa, kwa hiyo wiski sikuwa nayo. Nilipika chai ya rangi kali mpaka ikafanana na wiski, nikaiacha ipoe, nikaitia kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana pamoja na limau, sukari na ute wa yai la kuku wetu, nikafunga kifuniko, nikatikisa. Mama, ambaye amepika pombe ya mahindi tangu kabla sijazaliwa, alisimama mikono kiunoni. Nilipomimina na povu likapanda likatulia, uso wake ulibadilika. Povu analijua. Kwake pombe isiyo na povu imelala.

"Hilo limeamka," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Kwa wiki mbili nyumba nzima ilikunywa chai ya limau yenye yai. Baba alikuwa akimaliza kikombe, anajifuta masharubu, anasema, "Chai nzuri," kisha anauliza kama ya kawaida ipo.

Siku moja nilienda mjini kununua barafu, kwa kuwa rafiki yangu alisema bila barafu kinywaji hicho hakina heshima. Duka nililopata linagandisha maji kwenye mifuko, na jokofu ni hilo hilo wanalohifadhia mbasa na samaki wengine wanaotoka Mbamba Bay. Nilitikisa chai yangu na barafu ile, nikampa dada. Alinusa. Akanusa tena.

"Mbasa," alisema.

Nilitaka kulia. Yeye alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. "Acha hivyo hivyo," alisema. "Wakwe zangu watajisikia wako nyumbani."

Lakini hata kucheka kwake kulikuwa na kitu ndani yake. Alipoacha kucheka aliniuliza, polepole, "Unadhani watakunywa?" Nikamwambia watakunywa. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, kisha usiku huo nikahesabu sababu zote ambazo zingewafanya wasinywe.

Barafu tuliiacha. Julai huku kwetu milimani, njia ya Litembo, maji ya ndoo yakilala nje asubuhi yanauma meno. Jumamosi yenyewe nilitumbukiza chupa ya wiski na chombo changu cha kutikisia, ile chupa ya plastiki, kwenye ndoo kabla jua halijagusa kichanja cha kahawa. Wageni walifika saa nne. Watu wa ziwani wakipanda huku Julai huvaa kila walicho nacho. Baba wa kijana alishuka garini na koti juu ya koti, shangazi wa kijana alikuwa amejifunika vitenge viwili na kofia ya sufu, na mshenga, ambaye alishatuzoea, alikuwa na blanketi la mtoto shingoni. Walileta dagaa mfuko mzima. Tulipiga magoti, tukasema shikamoo, wakaitikia marahaba huku meno yakigongana.

Dada, kama inavyotakiwa, hakutokea sebuleni. Alibaki jikoni. Dirisha la jikoni linatazamana na mlango wa sebule, na nilijua kwamba jicho lake liko hapo.

Baba alifungua chupa mbele ya wote, akamwonyesha baba wa kijana kwamba kifuniko kilikuwa kizima, akanikabidhi. Nilienda nayo jikoni. Nilipima kwa kifuniko cha chupa ya chai, kama nilivyopima mara zote, nikatikisa.

"Tikisa kama unacheza mganda," dada alininong'oneza.

"Usinichekeshe, nitamwaga."

Povu lilipanda kuliko siku zote. Nilijaza glasi tano, tatu za wageni, moja ya baba, moja ya mama, nikaweka kipande chembamba cha ganda la limau juu ya kila moja. Chombo kikabaki na povu tupu. Nilibeba sinia, nikapiga goti kwa kila mmoja, nikatoa glasi kwa mikono miwili, nikarudi nikasimama kando ya mlango na sinia kifuani.

Hakuna aliyekunywa.

Baba wa kijana alishika glasi yake magotini, akaanza kusifu kahawa aliyoiona nje. Shangazi aliangalia povu kwa makini, kama anayeangalia maji kabla ya kuvuka. Mshenga alitazama dari. Baba alijibu kuhusu kahawa, akaeleza mvua zilivyokuwa, akaeleza bei, na glasi yake nayo ilikuwa imejaa.

Kichwani mwangu kesi zote zilifunguliwa kwa pamoja. Yai limenuka. Ni Waanglikana, labda wana mfungo ambao sisi Wakatoliki hatuujui. Nimewapa watu wanaotetemeka kitu cha baridi. Ni mtu gani mwenye akili anafanya hivyo? Labda ni lile ganda la limau, wamedhani ni takataka. Nilitazama dirisha la jikoni. Jicho lilikuwa pale, halipepesi.

Kahawa ilipoisha kuzungumzwa, wakazungumza barabara. Barabara nayo ikaisha. Baba wa kijana akainama taratibu kama mtu anayetafuta pa kuweka glasi yake chini.

Mama akakohoa. "Mwenye chungu yuko wapi?" aliuliza.

Nilitazama sakafuni kutafuta chungu. Ndipo nikaona wote wananitazama mimi, na nikajisikia joto limepanda kutoka miguuni.

Tangu nikiwa mdogo nimemwona mama akitoa pombe yake. Hampi mtu kikombe kabla hajakinywea yeye mwenyewe, mbele ya macho ya anayepewa. Aliyepika ndiye anayeanza, ili mgeni ajue kwamba kilichomo ni kinywaji tu. Hata ziwani ni hivyo hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza kwetu analijua hilo. Mimi nilikuwa nimefikiria limau, sukari, barafu, yai na ganda, lakini kwa sababu kinywaji kilikuwa cha kigeni na kilikuwa na sinia, nilidhani kimekuja na taratibu zake. Na kuna jambo jingine, dogo zaidi, ambalo lilinizuia hata kufikiria: sijawahi kunywa pombe mbele ya baba.

"Mbele ya baba?" nilimuuliza mama kwa sauti ya chini, ambayo kila mtu aliisikia.

"Mimi ndiyo nakusubiri wewe," baba alisema. "Nimeongea kuhusu mvua mpaka zimeisha."

"Lakini chupa ni ya kwao," nilisema. Hata sasa sijui kwa nini nilibishana.

"Chupa ni yetu," alisema baba wa kijana kwa upole, "ila mkono ni wenu."

Nikasema nitaonja basi, nikakumbuka kwamba chombo kiko tupu, kila tone liko kwenye glasi zao. Nikasimama.

"Hapo hakuna shida," alisema mshenga. "Kila glasi ni chungu chake."

Kwa hiyo nilianza na ya baba wa kijana. Alinipa kwa mikono miwili, kana kwamba sasa mimi ndiye mgeni. Nilikunywa kidogo, nikamrudishia. Nikaenda kwa shangazi, nikagusa mdomo wa glasi.

"Hapo umeonja povu, mwanangu," alisema. "Sumu hukaa chini. Shuka."

Nikashuka. Wiski ilikuwa imeelewana na limau kuliko chai ilivyowahi kuelewana nalo. Ilikuwa chachu, kisha tamu, kisha ikawasha kifuani. Mshenga alisema yeye ana watoto wengi wanaomtegemea, kwa hiyo nionje mara mbili. Nikaonja mara mbili. Shangazi akasema kama ni hivyo, na yeye ana ng'ombe. Mama alicheka mpaka kilemba kikalegea. Nilionja ya mama, kisha nikafika kwa baba. Nilikunywa macho chini. Aliichukua glasi yake, akanitazama.

"Futa mdomo," alisema. "Una masharubu kama yangu."

Kisha wote wakanywa.

Baba wa kijana alikunywa nusu, akalamba midomo. "Hii chupa niliichagua mwenyewe," alisema. "Sikujua ina tabia hii." Baba alikunywa yake taratibu, bila kukunja uso, na nikangoja.

"Chai nzuri," alisema.

Shangazi alivua kofia ya sufu. Akavua kitenge kimoja. Baba wa kijana alimaliza, akaweka glasi tupu mezani, katikati, mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Sasa," alisema, "tuseme kilichotupandisha mlimani."

Hapo mimi nilitakiwa kutoka, nikatoka. Nyuma yangu mshenga alikuwa ameanza, kwa sauti ya kutumwa, kueleza habari za ua lililoonekana katika bustani hii.

Dada alikuwa amejibanza ukutani jikoni, kitambaa cha vyombo mdomoni.

"Wamekunywa?"

"Si ulikuwa unaona?"

"Niliona wewe unakunywa. Kila glasi. Nikasema basi, huyu amechanganyikiwa, posa yangu imekwisha."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akateleza chini ukutani akakaa kwenye kinu na kucheka bila sauti, kwa sababu sebuleni walikuwa wanamzungumzia. Huko ndani shangazi alisema neno ambalo hatukulisikia, kisha akapiga kigelegele kimoja kirefu, cha kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani, na mama akakipokea.

Dada alifuta macho. Wiki zote mbili alikuwa amekunywa chai yangu, lakini hiki cha wiski hakuwa amekigusa. Alivuta chombo, akaingiza kidole, akakomba povu lililobaki pembeni, akalilamba. Kabla hajasema kitu nilikuwa nimeshaanza kufikiria kama limau lilizidi.

"Siku ya harusi ongeza sukari," alisema. "Na uonje mapema. Watu wa ziwani ni wengi."