Wigi Langu Siku ya Kutawadhana Miguu

Aliyepaona kwanza ni msusi wangu wa Ogembo, mwanamke anayesukia watu nyuma ya duka la mbolea. Alikuwa akinifumua rasta za mwezi mzima huku akinisimulia vituko vya shemeji yake, mara akanyamaza. Akanigusa nyuma ya sikio la kushoto kwa ncha ya kitana.

"Mwalimu, hapa uliungua?"

"Hapana."

"Basi shika."

Nikashika. Palikuwa laini kama shavu la mtoto, upana wa sarafu ya shilingi ishirini, pasipo kidonda wala maumivu. Sikusukwa siku hiyo. Nilijifunga leso kichwani, nikapanda boda, na njia nzima kidole changu kilikuwa pale chini ya leso, kinapapasa, kama kwamba nikipapasa vya kutosha nitakuta nywele zimeota.

Kufikia mwisho wa muhula sarafu zilikuwa nne, na mbili zilikuwa zimeungana. Daktari wa ngozi mjini Kisii aliniambia mwili wangu wenyewe ndio unaozishambulia nywele. Si ugonjwa wa kuambukiza, si wa kuua. Akanidunga sindano ndogondogo kichwani.

"Zitarudi?" nikamuuliza.

"Huenda."

"Lini?"

"Huenda mwaka huu, huenda mwakani. Na huenda zikirudi zianguke tena."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nafundisha gredi ya nne katika shule ya msingi upande wa Nyamarambe. Mume wangu ni seremala, na mama yake anaishi ng'ambo ya shamba letu dogo la chai, karibu kiasi kwamba akipiga chafya tunasikia. Sisi ni Wasabato. Mama mkwe ni shemasi wa kanisa kwa miaka mingi, mwanamke wa maneno machache, ambaye hajawahi kunigombeza hata siku moja, na labda ndiyo maana nilimwogopa. Sikumwambia. Nilimwambia mume wangu peke yake, naye akatazama, akasema, "Mimi naona uko sawa tu," akarudi kwenye ubao wake. Alisema kwa wema. Lakini usawa aliouona yeye mimi sikuuona kwenye kioo.

Nikaanza kuvaa kitambaa kila siku. Nilidhani kitambaa kingeficha, kumbe kinatangaza. Mzazi mmoja aliniuliza langoni kama nimehamia lile dhehebu la vilemba. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna msiba. Halafu siku moja nilipeleka chai kwenye kituo cha kupimia, nikawakuta akina mama wanacheka kwenye foleni. Waliponiona wakaacha. Mmoja akanisogezea nafasi mbele, akanipokea kikapu, akasema, "Pita, mwalimu, usichoke." Hakuna aliyewahi kunipisha kwenye foleni ya chai. Nilielewa walichokuwa wakifikiri. Walifikiri ninakufa.

Mwalimu mwenzangu wa gredi ya sita ndiye niliyemfungulia roho, ndani ya stoo ya vitabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Jumapili tunaenda Kisii. Na usinunue ya barabarani."

Duka alilonipeleka lilikuwa orofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa mjini, kajitanda mtandio wa rangi ya zambarau, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu mimi ninayekifundisha. Ukutani mawigi yalikuwa yamevishwa vichwa vya sponji visivyo na macho. Mengine yalifika kiunoni. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuiba.

"Ingia, mwalimu," alisema.

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye mkono wa sweta. Kaa. Toa kitambaa."

Nilimtazama mwenzangu. Akaenda akasimama mlangoni, akatupa mgongo. Nikatoa.

Yule mama hakushtuka wala hakunihurumia. Alichukua utepe wa fundi cherehani, akanipima kichwa: mzunguko, kisha sikio hadi sikio, kisha paji la uso hadi kisogo. Wigi kubwa, alisema, litakuhama. Dogo litakuumiza, na ngozi yako haitaki kuumizwa sasa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye moja refu, jeusi, linalong'aa. Akalifuata jicho langu.

"Hilo ni zuri. Ukilivaa, watu wataona wigi kwanza ndipo wakuone wewe. Wewe unataka waone nini?"

"Nataka wasione kitu."

"Basi tuache yanayong'aa."

Aling'oa unywele mmoja kwenye wigi fupi lililokuwa pembeni, akauwasha kwa kiberiti. Ukajikunja ukawa jivu, na harufu ikawa ile ya manyoya ya kuku yanapobabuliwa. Akawasha na mwingine wa wigi la bei nafuu. Huo uliyeyuka ukawa kijidonge kigumu kama plastiki. "Hili ni la mtu, hili ni la kiwanda," alisema. Akanionyesha lesi ya mbele, kile kitambaa chepesi cha wavu kinacholala kwenye paji la uso, jinsi nywele zilivyofungwa moja moja, chache kwenye ukingo na nyingi kadiri unavyorudi nyuma, kwa sababu hakuna binadamu ambaye nywele zake zinaanza zote kwa pamoja kama nyasi za uwanja. Akailinganisha lesi na ngozi yangu, akaipaka poda ya kahawia pale penye njia ya kuchania nywele. Alichonivisha mwishoni kilikuwa kifupi, kimefika chini ya masikio, chenye mawimbi madogo, weusi wake umefifia kidogo. Kilifanana na nywele zangu siku nilizokuwa nimezichana vizuri.

Nilijitazama. Nilijiona, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza.

"Ni za nani?" nilimuuliza.

"Za wanawake wa India, wengi wao. Wako hai, usiogope. Wananyoa, zinauzwa."

Bei ilinifanya nikae tena. Nililipa nusu, nyingine nikamaliza baada ya mwezi.

Nilijifunza kulivaa mlango ukiwa umefungwa: kwanza kikofia cha soksi, halafu wigi, halafu kukaza mpira wa ndani na kubana vibanio viwili vya kisogoni kwenye nywele zangu zilizobaki. Jumatatu nilipokwenda shule nilikataa helmeti ya boda. Dereva akasema polisi wako njia panda. Nikateremka kabla ya njia panda, nikatembea kilomita nzima. Darasani nilijikuta siwezi kuinama juu ya madaftari ya watoto. Niliandika ubaoni nikiwa nimenyoosha shingo kama mtu aliyebeba mtungi. Msichana mmoja wa dawati la mbele alinikodolea macho kipindi kizima cha hisabati, nami nikawa najisemea, huyu ameona, huyu ameona. Kengele ilipolia akaja mezani.

"Mwalimu."

"Sema."

"Ile hesabu ya tatu umekosea."

Kweli nilikuwa nimekosea.

Akina mama wa chai walinipongeza. "Umepona!" mmoja alisema. Nikacheka nao, na nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko nilipokuwa nalima. Mama mkwe alipita jioni kuchukua jembe. Alinitazama kichwani mara moja, akachukua jembe, akaenda.

Wiki ya tatu ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana. Kwetu, kabla ya mkate na divai, watu hutawadhana miguu. Wanaume hubaki kanisani na wanawake huenda kwenye chumba cha shule ya Sabato ya watoto, na kila mmoja humwosha mwenzake miguu, kisha huombeana. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo juma zima. Kuinama ndiko nilikokuogopa. Mbaya zaidi, pale kibanio cha kushoto kilipokuwa kinashika, nywele zilikuwa zimeanguka tena, na asubuhi hiyo nilikibana mahali hapo hapo nikitumaini kitashika. Nilikuwa nimepanga kumwosha miguu binti mmoja wa kwaya, mchangamfu, asiyetazama mtu. Nilikuwa namtafuta kwa macho niliposikia jina ambalo kwetu mama humwitia mke wa mwanawe.

"Mokamwana. Njoo."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi ukutani, amevua viatu, na beseni liko mbele yake. Hakuna namna ya kumkatalia mama mkwe mbele ya wanawake arobaini.

Nikapiga magoti. Nikachota maji kwa mikono, nikamwagia mguu wa kulia. Miguu yake ilikuwa na nyufa za kisiginoni na udongo mwekundu usiotoka hata kwa sabuni. Nilikuwa nainama kwa magoti badala ya shingo, lakini benchi lilikuwa chini na beseni lilikuwa mbali. Nilipoufikia mguu wa kushoto nilisikia kibanio kikiachia. Sauti ndogo tu, ndani ya sikio langu mwenyewe. Kisha wigi likasogea mbele, likaja kwenye paji la uso, na hewa baridi ikanigusa kisogoni.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa na maji na mguu wa mtu. Nilijua nikiinua kichwa litarudi nyuma na kuanguka, na nikiinama zaidi litaingia ndani ya beseni. Nilibaki hivyo hivyo. Nakumbuka nilihesabu nyufa za kisigino.

Ndipo mkono wake ukatua kichwani pangu. Aliuweka wote, kiganja na vidole, akakandamiza, na akaanza kuomba kwa Kigusii. Aliombea watoto wangu, akaombea mume wangu na misumari yake, akaombea mvua, akaombea barabara ya Nyamarambe, akaombea walimu wote wa Kenya. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Wanawake waliokuwa wakisubiri beseni letu waliinamisha vichwa kwa heshima, macho yamefumbwa. Katikati ya maombi, bila kubadilisha sauti wala mwendo, akasema, "Litengeneze kabla sijatoa mkono."

Nikaacha mguu. Nikajifuta mikono kwenye sketi, nikaingiza vidole chini ya kiganja chake, nikalirudisha, nikabana kibanio kwenye nywele nyingine. Aliendelea kuomba hadi nilipomaliza. "Amina," akasema. Chumba kizima kikajibu amina.

Kisha tukabadilishana nafasi, akaniosha miguu, bila kuniangalia usoni.

Sikula mkate kwa amani siku hiyo. Nilikaa nikipanga maneno ya kuomba radhi, sijui kwa kosa gani. Baada ya ibada alinipeleka moja kwa moja jikoni kwake. Akafunga mlango, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Toa."

Nikatoa. Akanigeuza kuelekea dirishani, akapapasa kila mahali kwa vidole vyake vigumu, polepole.

"Inauma?"

"Haiumi, mama."

"Ulijua lini?"

"Muhula wa kwanza."

"Mwanangu anajua?"

"Anajua."

Niliona kwamba hapo ndipo nilipomchoma. "Kwa hiyo ni mimi tu," alisema.

"Wewe uliona lini?"

"Siku ya jembe. Nimesuka watu tangu nikiwa msichana. Zako hazijawahi kulala hivyo." Akaniachia kichwa. "Nilifikiri ni saratani. Nilifikiri mnanificha. Nilikwenda hadi Nyacheki kwa dada yangu aniombee mgonjwa, sikumtajia jina. Wiki zote hizi nimekuwa nikikuzika moyoni, na wewe uko hapo shambani unachuma chai."

Nikasema, "Ni nywele tu, mama."

"Sasa najua ni nywele tu!" Alisema kwa ukali, ukali wa kwanza kuusikia kutoka kwake, na macho yake yakajaa machozi, akainuka akaanza kutoa vyombo vya chakula alichokipika Ijumaa.

Aliponipa sahani aliliona wigi kwenye goti langu.

"Na hizi ni za nani?"

Nikamweleza nilivyoambiwa dukani, habari za wanawake wa India.

"Mwenyewe anajua ziko huku kwetu?"

Akaomba juu ya chakula, na baada ya kumshukuru Mungu kwa ndizi na mboga akamtaja na mwanamke yule tusiyemjua, azidishiwe nywele nyingine.

Sitaki kusema hofu iliisha. Nywele zangu zimerudi upande mmoja na kuanguka upande mwingine, kama daktari alivyosema. Nina wigi la pili sasa, la kwanza liliisha lesi. Upepo ukivuma kwenye ule mteremko wa shuleni bado nasimama mpaka upite. Mama mkwe hajawahi kulipenda wigi. Akija kwangu hataki kulikuta limekaa juu ya kitu, anasema linafanana na mtu aliyejificha. Lakini kanisani amehama kiti. Siku hizi anakaa nyuma yangu, na kitu kikiwa hakijakaa sawa anakohoa mara mbili. Shida ni kwamba wakati wa baridi huwa na kifua kweli, na ibada nzima mimi nashika kichwa.