Gesi Aliyoidharau Mdogo Wangu

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alisomeshwa na mikono hii. Mimi shule sikuiona. Nilifua nguo za watu hadi kucha zikang'oka. Alipopata cheo alinitafutia kazi ya kupiga deki kwenye chumba cha kompyuta za kazini kwake, na mbele za watu akaniita "yule mama wa usafi".

Kazi yake ni kuumba ulimwengu ndani ya mashine. Uzito hupinda mwanga, aliniambia, ndiyo maana galaksi za mbali huonekana zimevutika kidogo, kama sura kwenye beseni la maji. Uzito mwingi ni wa maada ya giza, ile isiyoonekana kwa darubini yoyote. Nyota, gesi na sisi wenyewe ni fungu moja tu katika sita.

"Na hilo fungu letu umeliweka wapi?"

"Gesi inafuata giza liendako, dada. Kama wewe na ndoo yako." Akacheka.

Picha za darubini zilipofika, mwanga ulikuwa umepindika pungufu ya hesabu yake. Wakubwa wakamuuliza. Akanigeukia mimi.

"Huyu kachomoa waya! Hata kusoma hajui!"

Wakubwa walipotoka alinikaba shingo, akanibamiza kwenye kabati la chuma mara mbili. Jino la mbele likadondokea kwenye ndoo. Nikafukuzwa siku ileile.

Fundi wa mashine, mwanamke mfupi mkali, hakusadiki. Alikagua kumbukumbu: mashine haikuzimika hata sekunde. Akairudia hesabu, safari hii na gesi ndani, ikienda njia yake yenyewe. Wiki tatu zilipopita akatuita sote, hata mimi niliyefukuzwa.

Kwenye skrini, katikati ya galaksi, shimo jeusi lilimeza gesi, likapaliwa, likaitapika. Gesi ikarushwa nje kwa kishindo, ikaburuta na giza lenyewe. Uzito ukatawanyika, mwanga ukapindika pungufu, sawasawa na zile picha.

"Mdharau mwiba, mguu huota tende," fundi akamwambia mdogo wangu.

Walinirudisha kazini. Wakataka pia kujua jino langu limekwenda wapi, wakasema niende niwaeleze. Mdogo wangu akanivizia kwenye korido, akanishika mkono hadi ukafa ganzi.

"Dada, sema uliteleza. Watanifukuza! Damu yako mimi."

Nilimtandika mpini wa dekio mdomoni. Akapiga magoti, akatema jino kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.

"Haya," nikamwambia, "sasa tumeteleza wote."

Nikaenda kwa wakubwa, nikayasema yote, na ya mpini pia.