Maua Yaliyoangalia Barabara

Msomaji wangu, juma hili nilikuwa nimekuandalia maneno mengine kabisa, ya kuchekesha kidogo, lakini Jumanne tumemzika mke wa karani mwenzangu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Cité, mtaa wetu sisi weusi, na hamu ya kucheka imenitoka. Kifua kilimsumbua tangu mvua zilipoanza. Hukumjua, na gazeti halina desturi ya kuandika juu ya wanawake wasio na cheo. Leo nitaivunja desturi hiyo, maana kuna jambo nililomtendea na sijawahi kulitamka.

Mnaijua ziara ya mabwana wa tume wanaokuja kuitazama nyumba ya mtu anayeomba kadi ya ustaarabu, ile ya kumtambua mweusi kuwa anaishi Kizungu. Wanafungua kabati, wanachungulia choo, wanauliza kama watoto wanakula mezani au chini. Mume wake aliomba kadi hiyo na hakuwa na ndoto nyingine. Mama huyu akasema wageni hao hawatakuta madirisha yake yakiwa uchi. Cherehani hakuwa nayo; upindo alijifunza kwa masista. Mshonaji wa barazani alijitolea kumsaidia, akamkatalia: "Bakiniuliza nani alishona, nitasema nini? Nibadanganye mu nyumba yangu?" Akashona mapazia kwa mkono wiki tatu, ya kitambaa cheupe chenye maua mekundu upande mmoja, vidole vimejaa matundu ya sindano.

Mchana mmoja akanisimamisha uani, kitambaa begani. "Shemeji, maua itaangalia wapi? Ndani, ao ku barabara?" Mimi, mtu wa kalamu na tai, nikajibu bila kupepesa macho: "Ku barabara, mama. Kwa Bazungu iko vile." Akanitazama. "Weye ulishaka kuona?" Nikamwambia, "Kila siku!" Na kweli, mapazia ya mkuu wangu nilikuwa nikiyaona kila siku, ila kutokea baraza ya nyuma, nimesimama na mafaili nikingoja sahihi yake. Ndani sikuwahi kutia mguu. Niliona maua yakipenya kwa mbali nyuma ya kioo, nikajiamulia kwamba yameangalia nje. Ningesema sijui, ningepungukiwa nini? Lakini sisi tuliosoma kidogo tunaliogopa neno hilo kuliko homa.

Tume ikaja. Nami nilikuwepo, shahidi wa mwenendo mwema wa mwombaji. Wakaketi sebuleni, na mbele yao ukawa mgongo wa kitambaa, pindo zote na nyuzi zake zikiwakodolea macho. Mmoja akashika ncha ya pazia, akaigeuza, akamwambia mwenzake kwa Kifaransa kwamba watu hawa hata nyumba zao wanazipamba kwa ajili ya wapita njia. Wakacheka. Kadi haikutoka. Sababu hawakuandika, na mume hakuhitaji kuandikiwa. Miaka yote iliyofuata, chakula kikichelewa, mtoto akikohoa, ni lile lile: "Weye njo ulinipotezea kadi!" Nami upande wa pili wa ukuta nasikia, nanyamaza. Loo, mwoga mkubwa mimi! Mama yule hakunitaja hata mara moja.

Nilidhani amesahau. Juzi matangani dada yake akanivuta kando. "Alikuwa anajua," akasema. Kumbe baadaye marehemu aliitwa kupiga pasi kwenye nyumba ya Wazungu, akaona maua yanaangalia ndani. "Nilimuambia, sema kwa bwana yako, ni ule shemeji alikudanganya. Akakatala. Akasema: mumuache, ule naye hata siku moja Bazungu habakumuingiza mu nyumba yabo. Nikisema, atasikia haya."

Basi alikubali kutukanwa ndani ya nyumba yake mwenyewe ili mimi nisione haya. Tunafundishana, msomaji, mambo ya nyumba tusizowahi kukaribishwa, na lawama tunawatwika wake zetu. Sioni dawa yake. Hata wakitugawia kadi sote kesho asubuhi, yule mama hatasikia. Kama una la kujifunza kwangu, jifunze kusema hujui, na uliseme mapema, mwenye kuumia akiwa bado hai.

Mume wake husoma safu hii kila juma. Ndugu yangu, ni mimi niliyemwambia maua yaangalie barabara. Jana tumeketi kitako pamoja kutwa nzima, nikashindwa kufungua kinywa. Na wewe sasa huna tena wa kumwomba radhi.