Siku Mama Mkwe Alipopanda Baiskeli Yangu

Kwanza nitenganishe niliyoyaona na niliyosimuliwa. Kutoka uani kwa wakwe zangu, upande wa juu wa Homa Bay, hadi gatini, nilikuwepo mwenyewe, isipokuwa kipande cha mteremko ambacho miguu yangu haikukifikia kwa wakati. Yaliyotokea hapo nimesimuliwa na watu wengi mno, na wingi wao ndio unaonitia shaka. Ya kisiwani baadaye nimesimuliwa pia. Sitayaandika.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu karibu na Migori, nina mwaka mmoja tu katika ndoa, na mali yangu ya kujivunia ilikuwa baiskeli nyeusi. Tulipokwenda kuwasalimu wakwe tuliipakia juu ya paa la basi. Tuliposhuka njia panda mke wangu alikaa kwenye keria, tukaingia uani nikipiga kengele pasipo sababu yoyote ila furaha.

Hakuna aliyetoka kutulaki. Mama mkwe alikuwa ameketi kivulini, bakora mapajani, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Baba mkwe alisema ameteguka akimkimbiza jogoo wa kunichinjia. Sikumwona jogoo akikimbizwa. Nilimwona juu ya ghala, mzima kabisa.

Mguu haukuwa hofu yao. Jana yake mchuuzi wa samaki alikuwa ameleta habari kutoka kisiwani Mfangano kwamba mama mzazi wa mama mkwe ni mgonjwa sana, na kila saa anamtaja binti yake. Habari za sokoni mimi siziamini. Lakini mchuuzi alikuwa ameleta pia ushanga wa shingoni wa yule ajuza, ambao hakuwahi kuuvua tangu ujana wake. Nilipooneshwa ushanga huo niliamini.

Meli ya visiwani ingeondoka saa nane mchana, na nyingine ingekuja baada ya wiki nzima. Saa saba ilikuwa imeshapita. Gati lilikuwa umbali wa maili tano, na mkokoteni wa jirani ulikuwa ng'ambo ya mto.

Watu wote waliitazama baiskeli, kisha wakanitazama mimi, kisha wakatazama chini. Kwetu sisi Wajaluo mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupita majanini. Kukaa nyuma yangu, magoti yake yakinigusa, lilikuwa jambo ambalo asingelikubali hata kama angeikosa meli. Nami, pamoja na vyeti vyangu vyote, nisingethubutu.

“Nitampeleka mimi,” mke wangu alisema.

Baba mkwe alicheka. “Utampeleka na nini, mwanangu? Na maombi?”

“Na baiskeli, Baba.”

“Tangu lini?”

Tangu Krismasi, nilitaka kujibu. Jioni baada ya jioni nilikuwa nikimfundisha nyuma ya madarasa, tukijificha, kwa kuwa siku hizo mwanamke juu ya baiskeli alikuwa kichekesho cha soko zima. Alikuwa ameanguka mara nyingi. Kumpakia mtu hakuwahi.

“Tangu huyu aliponifundisha.”

“Mwalimu!” baba mkwe alinigeukia. “Tulikupa mke, wewe umemgeuza tarishi!”

“Nyamaza, mzee,” mama mkwe alisema, huku akiinuka kwa bakora. “Mama yangu ananiita. Mwanangu, ukiniangusha, niangushe kwenye majani, si kwenye mawe.”

Waliondoka wakiyumba. Niliwafuata mbio, hatua kumi nyuma, kwa hofu na kwa fahari pia, maana alikuwa akiendesha vizuri! Kilimani alianza kuhema, na magurudumu yakakaribia kusimama. Nilinyoosha mikono nisukume, nikairudisha. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale ambapo ningeshika.

“Mwambie huyo mtu akate mti mrefu,” alisema, uso ameuelekeza vichakani, kana kwamba mimi nilikuwa mbali kule Kendu Bay.

Nilikata tawi lenye panda, nikaiegemeza panda chini ya keria, nikasukuma kwa mbali. Desturi haikuvunjwa, na baiskeli ilipanda.

“Sukuma, Mwalimu!” mke wangu alipaza sauti.

“Mwambie asipumue kama ng'ombe wa jembe,” mama yake akaongeza.

Tulipofika kileleni ziwa lilitufungukia lote, na meli ilikuwa gatini, ikitoa moshi. Baiskeli ilianza kuteremka yenyewe, ikaliacha tawi mikononi mwangu.

“Breki ya mbele imekwisha!” nilipiga kelele.

“Na ya nyuma?”

“Inasita!”

Sijui kama alisikia. Niliona gauni lake limejaa upepo, nikaona leso ya mama mkwe ikipepea, kisha kona ikawameza. Papo hapo honi ya meli ililia.

Nilikimbia kama ambavyo sijapata kukimbia tena. Mpasua kuni aliniambia wameingia mtaroni. Mwanamke mwenye kikapu cha omena, dagaa wa ziwa letu, aliapa kwamba wamepita wakiimba wimbo wa kanisani. Wa tatu alisema walikuwa wanawake wanne. Sikusimama kumsikiliza yeyote. Nilitazama vumbi: alama ya magurudumu ilikwenda mshazari hadi ukingoni mwa mtaro, ikarudi katikati ya barabara, ikaendelea. Hiyo niliisoma mwenyewe.

Gatini baiskeli ilikuwa imelala chini, usukani umepinda. Mke wangu alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi la mtu, goti linavuja damu, kiatu kimoja hakipo, na anacheka hadi machozi. Meli ilikuwa imeshaanza kuliacha gati.

“Ameipata?” nilimwuliza.

“Unaniuliza mimi? Tazama mwenyewe, Mwalimu. Wewe si mtu wa kuambiwa.”

Nilitazama. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa sitaha, kwa mguu mmoja, ushanga wa mama yake shingoni. Nilikuwa bado nimeshika lile tawi. Aligeuza uso wake upande wa Kisumu, asinitazame, kama desturi inavyotaka, akainua bakora yake juu kuelekea kwangu, naye hakuishusha hadi meli ilipogeuka.