Namba ya Dunia ya Riziki

Harufu ya petroli ikichanganyika na vumbi lililopata moto hunirudisha mtaani kwetu Mikelenge, kwenye duka la Baba Kasereka, mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Nyuma ya magunia ya maharagwe alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na televisheni, akiifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Jumamosi wakubwa walipokwenda salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, mwanawe Muhindo aliwasha jenereta, nasi tukasafiri angani ndani ya mchezo wa kompyuta.

Msicheke. Kwetu sisi watoto wa Kindu, ambao hata Pangi, mji wa jirani, tulikuwa tukiisikia tu, safari hiyo ilikuwa ya kweli. Uliandika namba, ukangoja, na dunia ikajichora mbele yako, mpya, haijakanyagwa na mtu. Dada yangu mkubwa, Riziki, aliandika namba ya parseli yetu, kiwanja chenye nyumba yetu. Ikatokea dunia ya milima myekundu, na bahari ndogo pembeni.

"Huku njo kwetu," akasema, akacheka mpaka machozi.

Nilimuuliza Muhindo mashine ndogo vile inaziweka wapi dunia zote hizo.

"Haichungake kitu. Inatengenezaka mupya. Ukirudisha numero ile ile, dunia ile ile inarudia."

Surua ilimchukua Riziki kabla mvua hazijaisha. Mama alikuwa na mimba. Alipojifungua mtoto wa kike, bibi alimbeba na kumtangazia kila aliyeingia uani: "Riziki amerudia!" Mtoto akapewa jina la marehemu, ndiyo desturi yetu. Watu wazima walijua wanachosema. Mimi nilijua ya Muhindo tu: jina lilelile, mtu yuleyule. Nikaacha kulia, nikawa namngoja akue.

Alipoanza kutembea nilimbeba mgongoni hadi dukani, nikamketisha juu ya gunia. Muhindo akaandika namba. Milima ikaja ileile, bahari ileile, hakuna kilichopungua.

"Riziki, unaona? Kwetu."

Mtoto alitazama jenereta, akaangua kilio, akayakojolea maharagwe ya watu. Nilikata tamaa palepale, na sijui kama niliwahi kuipata tena tamaa ile.

Nyumbani nilimkuta Mama anatwanga majani ya muhogo ya sombe. "Mama, huyu haiko yeye."

Nilidhani atanipiga. Mchi ukasimama. "Nilijuaka," akasema, "tangu siku ya kumuzaa." Kisha akaendelea kutwanga.

Miaka mingi nilimwona ana moyo mgumu. Maana, hali akijua si yeye, alilitaja jina lile kutwa nzima, pasipo haja yoyote, mpaka majirani wakamtania. Alisimama uani na kuita "Riziki!", kisha akatazama mlangoni. Leo, nami nimezika mtoto, ndipo ninapojua alichokuwa akifanya. Alikuwa anaandika namba ileile, anangoja. Na kila mara alikuja mdogo wangu, mbio, amefurahi kuitwa.